BMW R1150GS, Honda Transalp 650 au Suzuki DR650: ipi itakuvusha masika ikufikishe Mbeya?

Ukitoka Dar es Salaam katikati ya Januari, jua linawaka mpaka lami inanuka. Chalinze jua, Morogoro jua, Mikumi twiga wamejibanza kivulini. Unapanda Kitonga zipu za koti ukiwa umezifungua zote, halafu unafika Mafinga mvua inakumwagikia kama ya ndoo. Hukukosea tarehe. Pwani na kaskazini mwaka una mvua mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Nyanda za juu kusini, Dodoma, Tabora mpaka Rukwa zina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuachia Aprili au Mei. Kwa hiyo siku moja barabarani inaweza kukupitisha misimu miwili. Ukisafiri Juni unakuta wa tatu: baridi ya Njombe, ambako alfajiri sakitu hutanda kwenye majani.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue pikipiki gani ya zamani ya safari ndefu huanza na nguvu na mwendo. Mimi huwarudishia swali: ni msimu upi ambao huwezi kuukwepa? Mwalimu anayesafiri likizo za Juni na Desemba ana jibu lake. Mtu wa miradi ya vijijini ambaye Aprili lazima afike Ifakara ana jingine. Pikipiki yenye miaka ishirini na ushee huwa na sehemu zake dhaifu, na kila msimu una namna yake ya kuzitafuta. Ukijua msimu wako, umeshajua udhaifu gani unaweza kuishi nao.

Nalinganisha hizi tatu kwa sababu ndizo nilizoziendesha katika misimu yote. Transalp ni yangu. DR ni ya mdogo wangu aliyeko Njombe. BMW ni ya mzee jirani yangu, ambaye hunipa niinyooshe miguu kila anaposafiri. Zinapatikana huku kwetu kwa njia zilezile: mgeni aliyemaliza mkataba wake, msafiri wa Cairo hadi Cape aliyeamua kurudi kwao kwa ndege, au mtu aliyeagiza kutoka Ulaya au Afrika Kusini. Kabla hujatoa pesa, hakikisha kodi zimelipwa na kadi inasoma namba za chesisi na injini zilizopo. Hilo ni la lazima kuliko yote nitakayosema.

Zilivyo

BMW R1150GS ilitoka mwaka 1999 na kuendelea hadi 2004. Injini yake ni boksa ya cc 1,130, silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia kama masikio, inapozwa kwa hewa na oili. Ina nguvu ya farasi 85 na gia sita, na haina cheni; nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Tanki la lita 22 likijaa, ina kilo 249.

Honda Transalp XL650V ni ya 2000 hadi 2007. Ni cc 647, silinda mbili za umbo la V, inapozwa kwa maji, kabureta mbili, gia tano, cheni. Nguvu ni farasi hamsini na kitu, tanki lita 19 na ushee, uzito kilo 191 kabla ya kutia petroli, oili na maji.

Suzuki DR650SE ilianza mwaka 1996 na imeendelea kutengenezwa miaka mingi bila mabadiliko makubwa. Silinda moja ya cc 644, hewa na oili, kabureta moja, gia tano, cheni. Kilo 147 ikiwa kavu, tanki lita 13 tu. Ni ndefu kwenda juu, kiti chake kiko karibu sentimita 89 kutoka ardhini, ingawa kiwandani waliiwekea nafasi ya kuishusha.

Zote tatu zina jambo moja jema: nafasi ya valvu zake hurekebishwa kwa skrubu na nati. Pikipiki nyingi mpya hutumia vidonge vya chuma vya unene tofauti, na ukikosa kidonge chako unaagiza na kusubiri. Kwa hizi, fundi mwenye fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi hiyo), spana na utulivu anamaliza kazi chini ya mwembe, injini ikiwa imepoa kabisa. Vipimo vya nafasi hiyo ni hivi: BMW milimita 0.15 valvu ya kuingiza hewa na 0.30 ya kutoa moshi, Transalp 0.15 na 0.20, DR 0.08 hadi 0.13 kuingiza na 0.17 hadi 0.22 kutoa. Kwa urahisi BMW inaongoza, kwa kuwa vichwa vya silinda viko nje peupe, unakaa kwenye kigoda unafanya. DR inafuata. Transalp inachosha: tanki litoke, mapambo ya plastiki yatoke, na silinda ya nyuma imejificha mahali ambapo mkono mnene hauingii vizuri.

Masika

Masika huanza na mgongo wako kabla haijafika kwenye injini. Kila anayeendesha kwenye tope ataanguka, na mwendo ukiwa mdogo kuanguka huko hakuna hatari kubwa. Kazi iko kwenye kunyanyua. DR naiinua peke yangu, naipangusa, naendelea. Transalp naiinua kwa kuipa mgongo na kuisukuma kwa miguu, mara mbili naweza, ya tatu nakaa chini kwanza. BMW iliyobeba masanduku mawili kwenye tope la Kilombero hainyanyuliwi na mtu mmoja ambaye ameshachoka. Inanyanyuliwa na kijiji. Ukisafiri peke yako kwenye barabara za vumbi miezi ya mvua, hoja hii peke yake inatosha kuiondoa BMW mezani.

Kuna na aina ya tope. Udongo mwekundu wa Lushoto unateleza kama sabuni lakini haugandi sana. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine: unanata, unapanda na tairi, unajaza kila nafasi. Transalp ina madigadi ya mbele yaliyokaa karibu kabisa na tairi. Kwenye lami ni raha, yanazuia maji yasikurukie. Kwenye mbuga tope hushindiliwa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na unajikuta umepiga magoti unachokonoa kwa kijiti kila baada ya mita mia mbili. Wapo wanaoyafungua kabisa kabla ya msimu. Nimejaribu. Tairi ni huru, lakini tope lote linahamia kwenye rejeta na injini inapanda joto. Sasa nayaacha, na nikijua mbele kuna mbuga mbichi nazunguka njia nyingine hata kama ni kilomita 60 zaidi. DR madigadi yake yako juu, tope linapita chini yake. Kwa jambo hili haina mshindani kati ya hizi tatu.

Klachi nayo inapimwa hapo. Transalp na DR klachi zao zinakaa ndani ya oili, zinavumilia kusuguliwa, na zikiisha fundi anafungua kifuniko cha pembeni, anaweka sahani mpya, siku hiyohiyo unaondoka. Klachi ya BMW ni kavu, ya sahani moja, mtindo wa gari. Ukiisuguasugua kwenye tope zito inatoa harufu ya kuungua, na ikiisha, pikipiki inagawanywa vipande viwili: sehemu yote ya nyuma na giaboksi vinatoka ndipo uione. Pia silinda ndogo ya klachi iliyo nyuma ya giaboksi ikivuja, maji yake yanaweza kufika kwenye sahani na kuiharibu. Kwa hiyo kwenye tope BMW inataka mkono laini: gia ya kwanza, klachi uachie yote, mafuta kidogo, isonge yenyewe.

Sasa maji na umeme. Hapa BMW ya umri huu ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Nyuma ya puli ya mbele ya injini kuna sensa za Hall, zinazoiambia kompyuta lini plagi zipige cheche. Nyaya zake zinapita mahali penye joto, na kadiri miaka inavyokwenda ganda lake linakauka na kumeguka. Unyevu ukiingia, injini inakata kauli: mara kwenye mvua, mara baada ya kuosha, mara ikishapata moto tu. Fundi asiyeijua atabadilisha plagi, koili, hata pampu ya petroli, na tatizo lipo palepale. Anayeijua anatoa kipande hicho na kukiweka kipya, au anasuka upya nyaya zake kwa waya unaohimili joto kali. Ukinunua R1150GS, muulize mwenyewe swali moja mahususi: sensa za Hall zimeshabadilishwa? Asipoelewa unauliza nini, hesabu kwamba kazi hiyo inakusubiri wewe.

La pili kwa BMW ni breki. Baadhi ya zilizotoka miaka ya mwisho zina breki zinazosaidiwa na pampu za umeme. Ukiwasha swichi na kushika breki utasikia mlio wa kuvuma. Zinashika vizuri ajabu. Lakini umeme ukikatika nguvu hiyo inapotea na unabaki na breki ngumu ya akiba tu, na kubadilisha maji yake ni kazi ya mtu aliyeifundishwa. Maji ya breki hunyonya unyevu hewani, na hewa ya masika na ya pwani imejaa unyevu. Mimi ningenunua isiyo na mfumo huo, hata kama yenye nao inauzwa bei ndogo.

Transalp na DR umeme wao ni mchache, na hilo ndilo linaloziokoa. Kwenye Transalp cha kuangalia ni rektifaya, kile kiboksi kinachodhibiti chaji ya betri. Kinajulikana kwa kuchoka na joto. Dalili ni betri inayokufa bila sababu au taa zinazong'aa kupita kiasi. Weka mita ya umeme kwenye betri injini ikizunguka mizunguko elfu tano: ikisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, uko salama. Kwa zote tatu, mwishoni mwa Februari fungua kila soketi ya waya unayoifikia, safisha, pakaza grisi ya silikoni, funga. Ni mchana mmoja wa kazi, na mimi siuruki.

Mtoni, kabureta zina mtego wake. Kuna vimpira vyembamba vya kupumulia vinavyoning'inia chini. Ncha ikizama, kabureta inakosa pumzi na injini inazimika katikati ya maji. Kata njia ya pili ya kimpira hicho, uipeleke juu chini ya tanki, na tatizo limekwisha. Ila usinisome kama nakutuma mtoni. Maji yanayokimbia yakipita kitovu cha gurudumu, subiri upande wako. Korongo la Dodoma lililojaa saa kumi jioni mara nyingi limeshapungua asubuhi.

Mwisho wa masika ni cheni na shafti. Hapa BMW inalipiza. Siku nzima ya mvua na mchanga, unaegesha, unakwenda kula. Mwenye cheni bado ana kazi: mafuta ya taa na brashi laini, kufuta, kisha oili nzito ya giaboksi tone kwa tone. Ukiacha siku tatu za tope, mchanga unakula cheni na sproketi pamoja. Lakini cheni ikichakaa unaiona kwa macho. Shafti haisemi mapema: beringi kubwa ya gurudumu la nyuma la BMW hizi inajulikana kufa ikiwa na kilomita nyingi. Shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise, likicheza, usisafiri. Na ukimwaga oili ya shafti ikatoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Ikitoka na vumbi la chuma linalong'aa, beringi imeanza kujila.

Kipupwe

Juni hadi Agosti tope limekauka, vumbi halijawa jingi, barabara zinapitika. Wengi huona ndiyo miezi ya pikipiki, nami nakubaliana nao, isipokuwa kwa baridi. Makambako hadi Njombe saa kumi na mbili asubuhi vidole vinakufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki kwa wakati. Wenzetu wa Kenya wanaijua hali hiyo Limuru mwezi Julai, ukungu umeshuka mpaka hauoni taa ya lori lililo mbele.

BMW hapa ni nyumbani kwake. Kioo kikubwa, silinda mbili zinazokinga miguu na kuipasha, na alteneta ya wati 700 inayoweza kulisha mishikio ya kupasha mikono, ambayo nyingi zimekuja nayo. Nimetoka Mbeya kwenda Iringa kwayo Julai, nikashuka bila kutetemeka. Transalp ina kioo cha wastani, kifua kinakingwa, mikono unaitafutia vikinga vya plastiki. DR haina kitu. Upepo wote ni wako. Mdogo wangu huvaa gazeti chini ya koti, na nilipoiendesha Kitulo, mita 2,600 juu ya bahari, nilielewa kwa nini.

Mwinuko nao una lake. Hewa ikiwa nyepesi kabureta humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, injini inakuwa nzito, plagi zinaota masizi. Kabureta za Transalp na DR ni za aina inayojirekebisha kiasi, kwa hiyo zinapungua nguvu lakini hazigomi. Asubuhi ya baridi vuta choki, iache izunguke taratibu dakika mbili tatu. DR hasa hukasirika ukiiondoa ikiwa baridi. Zote tatu huwashwa kwa kitufe tu, hakuna kiki, na betri iliyochoka hujulikana alfajiri ya Njombe kabla haijajulikana Dar. Pima pia upepo wa tairi asubuhi ileile: ulioujaza Morogoro mchana wa joto utausoma pungufu huko juu.

Kiangazi

Vumbi na joto. Filta ya hewa ya DR ni ya sponji: unaiosha, unaikausha kivulini, unaipaka oili, inarudi. Transalp na BMW zinatumia karatasi, unakung'uta mara chache kisha unanunua nyingine, kwa hiyo beba ya akiba ukienda Mpanda au Loliondo. Katika foleni ya Dar mchana, Transalp feni yake inawaka na maisha yanaendelea. BMW haina feni; inategemea upepo wa mwendo. Ukikwama Ubungo nusu saa, zima. Angalia oili yake kwenye kidirisha cha pembeni mara kwa mara, pikipiki ikiwa wima, maana boksa hizi hunywa kidogo kidogo na ni kawaida yao.

Tanki la lita 13 la DR linaumiza kiangazi kuliko wakati wowote. Ukihesabu kilomita 250 za usalama, kuna njia za magharibi utalazimika kununua petroli ya chupa, na hujui ilikaa wapi wala imechanganywa na nini. Matanki makubwa ya plastiki ya lita 20 na zaidi yanauzwa kwa ajili yake. Weka bei hiyo kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Transalp na BMW zinakwenda kilomita 350 bila wasiwasi.

Ikiegeshwa

Kama masika huendeshi, usidhani umeiepusha na mvua. Mwaka mmoja niliiacha Transalp yangu Tanga tangu Machi hadi Juni, tanki nusu, kabureta zimejaa. Niliporudi petroli ilikuwa imekauka na kuwa gundi kwenye vitundu vidogo vya kabureta, na ndani ya tanki kutu imeanza sehemu iliyokuwa tupu. Siku mbili nzima za kufungua na kupuliza. Tangu hapo najaza tanki mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, nafungua skrubu za chini za kabureta nimwage petroli yote, natoa betri na kuiweka ndani na kuichaji kila mwezi, na nabadilisha oili kabla ya kuegesha, maana oili iliyotumika ina unyevu na asidi. Pwani chumvi ya hewani hula alumini na spoki, kwa hiyo nazifuta kwa kitambaa chenye oili. DR ina kabureta moja tu ya kumwaga. BMW haina kabureta, na kwa kukaa miezi mitatu ndiyo isiyolalamika sana, ilimradi betri isisahauliwe.

Pancha, fundi, spea

Transalp na DR zina tyubu, na gurudumu la mbele la inchi 21. Fundi yeyote wa bodaboda anaziba tyubu. Ukibeba tyubu moja tu ya akiba, beba ya 21: ikibidi inaingia hata kwenye 17 ya nyuma mpaka ufike mjini. BMW tairi zake hazina tyubu, hata zile za spoki, kwa sababu spoki zake zimefungwa pembeni mwa rimu. Unachomeka utepe wa mpira kutoka nje, unajaza upepo, dakika kumi uko njiani. Lakini rimu ikipinda kwenye shimo upepo hautakaa, na huko porini hakuna atakayeinyoosha vizuri.

Spea za DR ndizo rahisi kuagiza, kwa kuwa umbo halijabadilika miaka yote hiyo. Za Transalp zinatoka zaidi Ulaya, nyingi za mitumba nzuri. Za BMW zinapatikana karibu zote, ila bei yake itakukalisha chini. Kwenye DR mwambie fundi akague skrubu mbili ndogo za swichi ya nyutro, ndani ya kifuniko cha klachi. Zinajulikana kulegea na kudondokea kwenye injini. Azitoe, azipake gundi ya nati, arudishe. Ni kazi ndogo inayookoa injini nzima.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama unasafiri na mama watoto nyuma, lami asilimia tisini, Juni na Desemba, na kuna fundi mjini kwako anayeifahamu boksa, chukua BMW na utaipenda mpaka uzeeni. Bila fundi huyo usiichukue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Kama kazi yako inakupeleka vijijini mvua inaponyesha, na uko peke yako, ni DR. Kiti kigumu utakizoea au utakishonea sponji. Tope halitakuacha uzoee kilo 249.

Kwa wengi waliobaki, wanaoendesha mwaka mzima, lami nyingi na vumbi kiasi, siku nyingine na abiria, nasema Transalp, na si kwa kuwa ni yangu. Haishindi msimu wowote kati ya hiyo niliyoitaja. Masika DR inaipita, kipupwe BMW inaipita. Lakini sijawahi kuahirisha safari kwa sababu ya mwezi, na kwa mwenye pikipiki moja tu hilo lina uzito mkubwa. Ukienda kuikagua, nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, gusa injini kama ni ya baridi kweli, chukua mita ya umeme, na mwombe akuachie uimwagie ndoo mbili za maji kabla ya kuijaribu.